Jinsi ya Kuomba Ruzuku ya Programu ya Elimu na Kujitolea Ufukweni

Maswali ni yale yale. "Tuna kikundi na tuna moyo, fedha tutazipata wapi?" "Andiko liwe la kurasa ngapi?" "Saa za watu wanaojitolea zinahesabiwa kama mchango wetu?" Nimeyajibu mmoja mmoja kwenye simu mpaka nimechoka, basi leo nayaweka yote mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wa kikundi kidogo ambacho hakijawahi kupata ruzuku, au kilijaribu mara moja kikakataliwa. Kazi ninayoizungumzia ni hii: kuwafundisha watu wa kawaida namna ufuko unavyoishi, kisha watu hao hao wausafishe, wahesabu walichokiokota, na wauangalie mwaka hadi mwaka. Kama mnachotaka ni kujenga ukuta wa mawe au gati, huo ni mradi wa wahandisi na hapa hautapata msaada.

Nikuambie mapema jambo ambalo hatua zote zinalitegemea. Andiko la mradi wa ufukweni huanzia mchangani, halianzii mezani. Walionishinda nilipoomba kwa mara ya kwanza hawakuwa na lugha tamu kuliko yangu. Walikuwa na daftari lenye hesabu za ufuko wao, mimi nilikuwa na maneno.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Cheti cha usajili wa kikundi. Kama hamna, tafuteni taasisi mlezi, yaani shirika lililosajiliwa litakalopokea fedha kwa niaba yenu. Kubalianeni naye kwa maandishi atakata asilimia ngapi na atatoa fedha ndani ya siku ngapi.
- Akaunti ya benki kwa jina la kikundi, yenye watia saini wasiopungua wawili. Akaunti ya mwenyekiti haikubaliki, hata kama ni mwaminifu kiasi gani.
- Katiba na mihtasari ya vikao vya karibuni, iliyotiwa saini.
- Watu watatu walio tayari kukaa na kazi hii: mmoja anayeandika vizuri, mmoja anayependa hesabu, na mmoja anayeujua ufuko. Mtu mmoja akibeba yote matatu, andiko litaonyesha.
- Jedwali la maji kupwa na kujaa la mwaka mzima kwa eneo lenu.
- Kamba iliyopimwa mita 100, mizani ya kuning'iniza, glavu nene, daftari na penseli. Nimesema penseli. Wino ukilowa maji ya chumvi unachuruzika na takwimu zinakwenda nao.
- Miezi mitatu kabla ya siku ya mwisho ya kupokea maombi. Inawezekana kuandika kwa wiki mbili, ila hamtakuwa na cha kuandika.

Hatua ya 1: Pimeni mita 100, mjue kilichopo

Chagueni kipande kimoja cha ufuko chenye urefu wa mita 100 kufuata ukingo wa maji. Sikuitoa namba hiyo kichwani. Mwongozo wa OSPAR, mkataba unaolinda bahari ya Atlantiki ya kaskazini mashariki, unatumia mita 100, na NOAA, idara ya Marekani inayoshughulikia bahari na anga, nayo hupima takataka za fukweni kwa urefu huo. Mkitumia kipimo ambacho wengine wanakitumia, takwimu zenu zinaweza kuwekwa kando ya zao, na mfadhili hatawauliza mmezitoa wapi.

Wekeni alama mbili zisizohama: mwamba, nguzo, mti mkubwa. Chukueni viwianishi vyake kwa simu. Maji yakikupwa, tembeeni kipande chote mkiokota kila takataka inayozidi sentimita 2.5, kisha mwageni mlichopata juu ya turubai na mtenganishe: chupa, vifuniko, kamba na nyavu, vipande vya povu jepesi, vichungi vya sigara, viatu, vioo. Hesabuni vipande vya kila aina, halafu pimeni uzito. Vyote viwili. Kipande kimoja cha wavu uliolowa na kujaa mchanga kinashinda kwa uzito gunia zima la vifuniko, kwa hiyo kilo peke yake hudanganya, na idadi peke yake hudanganya vilevile.

Rudieni baada ya wiki nne, kisha baada ya nne nyingine. Hesabu ya kwanza huonyesha takataka za miaka iliyopita. Ya pili na ya tatu ndizo zinazoonyesha kinachoingia sasa, na ndizo zenye hoja ndani yake.

Utamaduni huu wa kuandika kila kinachookotwa una umri. Mwaka 1986 huko Texas, Linda Maraniss na Kathy O'Hara waliandaa usafishaji wa ufuko na kuwataka waliojitolea waandike walichookota, kitu kwa kitu. Ndiyo mbegu ya usafishaji wa kimataifa wa fukwe unaoratibiwa na Ocean Conservancy, shirika la Marekani la kulinda bahari, na ambao siku yake kuu ni Jumamosi ya tatu ya Septemba. Usafishaji ulikuwepo kabla yao. Karatasi ya kuandikia ndiyo iliyoleta tofauti.

Kama shida yenu ni ufuko unaoliwa na maji na si takataka, kuna kipimo cha bei rahisi ajabu kilichoelezwa na mwanasayansi K. O. Emery mwaka 1961. Chukueni fito mbili zinazolingana urefu, kila moja ikiwa na alama za sentimita kuanzia juu kushuka chini, na kamba ya urefu unaojulikana kati yake. Mmoja asimame na fito upande wa nchi kavu, mwenzake upande wa bahari, kamba ikiwa imenyooka. Wa nchi kavu ashushe jicho kando ya fito yake mpaka ncha ya fito ya mwenzake ikae sawa na upeo wa macho, pale bahari inapokutana na mbingu. Alama iliyo mbele ya jicho lake ndiyo tofauti ya kimo kati ya sehemu hizo mbili. Sogeeni hatua moja, rudieni, mpaka mfike majini. Mtoto wa darasa la sita anaweza, na nimeona watu wazima wakigombania zamu.

Onyo: msiokote mwani. Mstari wa mwani ulioachwa na maji ni makazi ya wadudu na viumbe wadogo, na ndege huja kula hapo. Ufuko uliochanwa kwa reki hadi ukang'aa huvutia kwenye picha, lakini mfadhili anayeijua bahari akiiona picha hiyo atajua hamjui mnachokilinda. Na kama kasa hutaga eneo lenu, msichimbe wala kusimika vigingi juu ya mstari wa maji makuu wakati wa msimu wao.

Hatua ya 2: Andika tatizo kwa sentensi moja au mbili

Usianze na "uharibifu wa mazingira duniani". Anza na mita zenu 100. Linganisha:

*Dhaifu:* "Ufuko wetu umechafuka sana na jamii haina uelewa."

*Yenye nguvu:* "Katika hesabu tatu za mita 100, zaidi ya nusu ya vipande vilikuwa kamba na nyavu chakavu, na wavuvi tuliozungumza nao wanasema hawana pa kuzipeleka."

Soma tena sentensi ya pili. Imekwishabadilisha mradi. Hao wavuvi hawakosi uelewa, wanakosa mahali pa kutupa. Ukiwaitia semina ya kuwaambia bahari ni muhimu watakusikiliza kwa adabu kisha waondoke. Wanachohitaji ni kituo cha kukusanyia nyavu na mtu wa kukisimamia. Hili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani: hesabu inavunja wazo ambalo kikundi kilikuja nalo. Kubalini livunjike sasa, mkiwa bado hamjapokea fedha ya mtu.

Hatua ya 3: Ratiba ifuate maji

Hapa ndipo nilipoaibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Andiko langu la kwanza lililofanikiwa lilisema: "Kila Jumamosi saa 1 asubuhi, watu 30 watasafisha ufuko." Nzuri, inakumbukika. Wiki ya tatu afisa wa mfadhili akaja kututembelea. Tulikuwa watu thelathini kweli, tumevaa glavu mpya, tumejipanga tukiwa tumeegemea ukuta, maji yakipiga vidole vya miguu. Ufuko haukuwepo. Ulikuwa chini ya maji na ungebaki huko kwa saa kadhaa. Afisa alikunywa soda yake, akapiga picha moja, akaaga.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kwenye pwani nyingi maji hukupwa kila baada ya takribani saa 12 na dakika 25, kwa hiyo muda wa kupwa husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Kwa siku saba ni karibu saa sita. Maana yake, Jumamosi hii maji yakikupwa saa 2 asubuhi, Jumamosi ijayo saa hiyo hiyo yatakuwa yamejaa au yanakaribia kujaa. Ratiba ya kila wiki kwa saa ile ile itakwama wiki moja kati ya mbili. Ya kila baada ya wiki mbili hukaa vizuri zaidi, mkirekebisha saa kidogo.

Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu pamoja na siku moja mbili baadaye, maji hukauka mbali. Hizo ni siku za mafunzo: miamba, majani ya bahari na viumbe vilivyojificha huonekana. Lakini kumbukeni kwamba maji yale yale hurudi kwa kasi, kwa hiyo msipeleke watoto mbali bila mtu aliyeshika saa. Siku za maji mafu bahari haisogei sana. Wekeni vikao vya darasani, ukarabati wa vifaa, na kuingiza takwimu.

Fungueni jedwali la maji, andikeni tarehe zote za mwaka, ziambatisheni kwenye ombi. Ni ukurasa mmoja tu, lakini humwonyesha msomaji kwamba mmewahi kusimama hapo.

Kuhusu mafunzo: msiahidi "watu 500 wataelimishwa". Ahidini watu 15 watakaofundishwa vizuri na watakaobaki. Mfumo ninaoupenda ni deni la saa: kikundi kinampa mtu saa 20 za mafunzo bila malipo, naye anasaini kwamba atarudisha saa 20 za kazi ndani ya mwaka. Kila kikao kiwe saa moja ya maelezo na saa mbili mchangani. Nusu ya wale 15 wakiendelea mwaka wa pili, mna kitu cha kuomba ruzuku ya pili.

Hatua ya 4: Tafuta mfadhili anayefanana na kazi yenu

Wafadhili wa kazi hii wako wa aina nne hivi: serikali na idara zake, mifuko ya kimataifa, wakfu binafsi, na makampuni.

Mfuko ambao vikundi vya chini vinapaswa kuujua ni programu ya ruzuku ndogo ya GEF, mfuko wa kimataifa wa mazingira, iliyoanza mwaka 1992 na kuendeshwa kwa miaka mingi na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Hutoa fedha moja kwa moja kwa vikundi vya jamii na asasi, na katika kila nchi shiriki maamuzi hufanywa na kamati ambayo wajumbe wake wengi hawatoki serikalini. Kuna mratibu wa nchi, na kazi yake mojawapo ni kuwasikiliza watu kama nyinyi. Rufford Foundation ya Uingereza hutoa ruzuku ndogo kwa kazi za uhifadhi katika nchi zinazoendelea, na huziendesha kwa hatua: ukifanya vizuri ya kwanza, unaweza kuomba ya pili. Kwa waliopo Marekani, NOAA ina programu maalumu ya takataka za baharini, ila sheria ya mwaka 2006 iliyoianzisha inataka kwa kawaida nusu ya gharama itoke kwingine. Kwa kikundi kisicho na fedha hilo hutisha, mpaka usome hatua ya 6.

Soma orodha ya miradi waliyoifadhili miaka miwili iliyopita. Hiyo ni ya kweli kuliko ukurasa wao wa malengo. Kama miradi yote ni ya utafiti wa vyuo vikuu, msipoteze mwezi. Angalieni pia ruzuku zao huwa za ukubwa gani. Kuomba mara tano ya wanachotoa kwa kawaida ni sawa na kuwaambia hamkusoma.

Makampuni ni rahisi kuyaendea, lakini ulizeni kwanza takataka mlizohesabu zina nembo ya nani. Kikundi kikiamua kupokea, kiamue kwa kikao na muhtasari uandikwe.

Hatua ya 5: Uliza kabla ya kuandika

Andika barua pepe fupi kwa afisa wa mfuko: sisi ni nani, tumehesabu nini, tunataka kufanya nini, kiasi gani, na swali moja ambalo jibu lake halimo kwenye wito wao wa maombi. Mistari kumi inatosha. Akijibu "hilo hatufadhili", amekuokolea mwezi mzima.

Hatua ya 6: Bajeti kabla ya maelezo

Wengi huandika kurasa kumi za maelezo kisha usiku wa mwisho wanabandika bajeti. Geuzeni. Bajeti ndiyo mradi wenyewe ukiwa umevaa namba, na msomaji mzoefu huifungua kwanza.

Pitieni siku moja ya kazi kuanzia alfajiri, mkiandika kila kinachogharimu. Nani anafungua stoo? Watu wanafikaje? Wanakunywa nini? Mtu akichomwa na sindano, anapelekwa wapi na kwa gari gani? Takataka zikishakusanywa, nani anazibeba? Swali hili la mwisho husahauliwa na karibu kila kikundi. Nyavu zilizolowa hazibebwi kwa baiskeli, na jaa linaweza kutoza ada. Nimeona marundo yaliyokusanywa kwa shangwe yakikaa juu ya ufuko wiki tatu, mpaka maji ya bamvua yakayarudisha yalikotoka.

Mafungu ambayo hayapaswi kukosekana: posho ya mratibu (mtu mmoja anayelipwa, hata kwa nusu ya muda, huokoa mradi), mafunzo, vifaa, usafiri, huduma ya kwanza na bima, kubeba na kutupa taka, uchapishaji, tathmini ya mwisho, na ukaguzi wa hesabu kama mfadhili anautaka. Weka pia gharama za uendeshaji: kodi ya chumba, umeme, simu, ada za benki. Msione haya. Ruzuku za serikali kuu ya Marekani zilipandisha kiwango cha gharama hizi kinachoruhusiwa kwa kikundi ambacho hakijakubaliana na serikali kiwango chake maalumu, kutoka asilimia 10 hadi 15 kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024, kwa sababu imefahamika kwamba kikundi kisicho na umeme hakiandiki ripoti.

Sasa mchango wenu. Saa za kujitolea zinakubaliwa na wafadhili wengi kama mchango. Watu 25, saa 3, siku 10 za kazi, ni saa 750. Zidisha kwa malipo ya saa ya kibarua wa kawaida wa eneo lenu, na uandike umeupata wapi mshahara huo. Marekani kuna kiwango kinachotolewa kila mwaka na Independent Sector, muungano wa asasi za huko zisizo za kibiashara. Kwingine tumia kima cha chini cha mshahara. Daktari akiokota chupa, saa yake ni ya muokota chupa. Akifundisha huduma ya kwanza, hapo ndipo saa yake inahesabiwa kwa kiwango cha daktari. Ongeza ukumbi mliopewa bure na mashua ya kuazima, kila kimoja na barua ya mwenyewe inayosema thamani yake.

Onyo: saa zisizo na saini hazipo. Kila siku iwe na karatasi ya mahudhurio yenye jina, muda wa kufika, muda wa kuondoka, saini. Karatasi iliyojazwa na mkono mmoja kwa kalamu moja hujulikana kwa mkaguzi kabla hajakaa kwenye kiti.

Hatua ya 7: Andika maelezo

Mkifika hapa andiko karibu limejiandika. Fuata mpangilio wa fomu ya mfadhili, vichwa vyake kwa maneno yake. Weka tatizo, mtakachofanya, nani atafanya, lini, mtajuaje kwamba imefanikiwa.

Kwenye hilo la mwisho watu huchanganya shughuli na matokeo. "Tutafanya usafishaji mara 10" ni shughuli. "Kamba na nyavu katika mita zetu 100 zitapungua kwa theluthi moja kufikia mwezi wa 12" ni matokeo, na mnaweza kuyapima kwa kamba ile ile na penseli ile ile. Wekeni matokeo mawili au matatu tu. Moja liwe la ufuko, moja la watu: kwa mfano, kati ya 15 waliofundishwa, 10 wanaweza kuongoza hesabu ya mita 100 bila msaada.

Msiahidi mambo yaliyo nje ya uwezo wenu. Takataka nyingine huletwa na mikondo kutoka mbali, na semina yenu haifiki huko. Semeni hivyo waziwazi. Hoja inaongezeka nguvu.

Mpe andiko mtu asiyewajua alisome. Kama hawezi kueleza mradi wenu kwa sentensi mbili baada ya kusoma, rudini hatua ya 2.

Hatua ya 8: Barua na vibali

Barua tatu zinatosha: uongozi wa eneo, shule au kikundi mtakachofanya nacho kazi, na watumiaji wa ufuko. Kila barua iseme mwandishi atatoa nini. Barua tatu zenye maneno yanayofanana zinaonekana kama ziliandikwa na nyinyi, maana ziliandikwa na nyinyi. Kibali cha kufanya kazi ufukweni kiombeni mapema. Kikichelewa, ambatisha nakala ya ombi lenye muhuri wa kupokelewa. Kwa watoto, fomu ya ridhaa ya mzazi, picha zikiwemo.

Hatua ya 9: Wasilisha siku mbili kabla

Mtandao huelemewa siku ya mwisho. Angalia saa ya mwisho ni ya nchi gani. Kama mfumo unataka kujisajili kwanza, jisajili leo, kwa sababu usajili mwingine huchukua wiki. Hifadhi ujumbe wa kuthibitisha kupokelewa.

Hatua ya 10: Fedha ikiingia

Soma mkataba mzima kabla ya kutia saini: awamu za malipo, tarehe za ripoti, kinachoruhusiwa kuhamishwa kati ya mafungu. Msitumie kabla ya tarehe ya kuanza iliyoandikwa, maana hamtarudishiwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila matumizi yawe na risiti, idhini ya watu wawili, na mstari kwenye daftari siku hiyo hiyo. Risiti za mashine hufifia zikikaa kwenye jua au mfuko wa suruali, kwa hiyo zipige picha jioni ile ile, na jina la faili liwe tarehe na fungu. Niliwahi kufungua bahasha ya risiti 40 mwisho wa mwaka nikakuta nusu ni karatasi nyeupe.

Mambo yakikwama

*Tumekataliwa bila maelezo.* Andikeni kuomba maoni ya waliolipitia ombi lenu, kwa heshima na kwa ufupi. Wengine hujibu. Kisha ombeni tena mzunguko ujao mkiwa na hesabu tatu zaidi za ufuko.

*Watu walijaa siku ya kwanza, ya nne wako sita.* Kwa kawaida ni moja kati ya mawili: ratiba inagongana na riziki zao, au kazi ni kuokota tu, kila mara, bila kujifunza kitu. Gawa majukumu: mpimaji, mwandishi, mpiga picha, mwenye mizani. Na wasomewe matokeo. Mtu akiona kwenye chati kwamba vifuniko alivyookota mwezi uliopita vimepungua, anarudi.

*Fedha ya awamu ya pili imechelewa.* Mwandikieni mfadhili mapema, mpunguze kazi inayogharimu, muendelee na hesabu za mita 100. Hizo hazihitaji fedha. Msikope kwa mwanachama bila muhtasari wa kikao.

*Tumeokota kitu cha hatari.* Sindano, mitungi, mapipa yenye kemikali, chochote kinachofanana na baruti: msiguse. Sogezeni watu, pigeni picha kwa mbali, andikeni mahali, iteni mamlaka. Kwa sindano moja moja, mtu mzima mmoja aliyefundishwa awe na koleo na chombo kigumu chenye mfuniko.

*Takwimu zinaonyesha takataka zimeongezeka.* Ripotini hivyo hivyo. Angalieni kwanza kama dhoruba ilipita, kama maji yalikupwa zaidi siku ya hesabu, au kama wahesabuji wapya wana macho makali kuliko wa zamani. Wekeni maelezo hayo kando ya namba, na namba mziache zilivyo.

*Mratibu ameondoka na nywila zote.* Undeni akaunti ya barua pepe ya kikundi leo, nywila iandikwe kwenye bahasha iliyofungwa na kukaa kwa mtunza hazina. Daftari la hesabu za ufuko nalo lipigwe picha kila mwisho wa mwezi na kutumwa huko.